Vidole vya Doto

Subira huvuta heri, wanasema, na mimi heri yangu sijui itavutwa na nini, maana subira sina. Najisema mwenyewe kabla sijasemwa. Nina duka la kuchapa na kutoa kopi hapa Tabora mjini, mkabala na soko, na kwa kuwa nina kompyuta na mtandao usiokatika sana, watu huniletea kila kitu kinachowashinda: vyeti vya kuzaliwa, mikopo ya vyuo, namba za mlipakodi. Viza za Ulaya nimeshajazia watu kadhaa, na kila nikimaliza moja naapa kwamba hiyo ndiyo ya mwisho.

Siku Kulwa na Doto walipoingia nilikuwa nimeinamia karatasi iliyokwama kwenye mashine. Nikasema shikamoo bila kutazama. Ikaja marahaba moja yenye sauti mbili. Nilipoinua kichwa nikaona wanawake wawili wanaoelekea uzeeni, sura moja, kitenge kimoja, vilemba vimefungwa upande mmoja, wote wameinamisha shingo kulia kunisikiliza. Tofauti pekee niliyoiona ilikuwa fimbo. Kulwa aliwahi kuvunjika mguu ukaunga vibaya, kwa hiyo alitembea akijiegemeza. Doto alikuwa mzima.

Walikuwa wametoka kijijini, mbele ya Bukene, kwa treni. Kanisani ni Apolinaria na Koleta, lakini kwa Wanyamwezi pacha anayetangulia ni Kulwa na anayefuata ni Doto, na nadhani hata padri aliyewabatiza aliyasahau yale majina mengine kabla maji hayajakauka. Doto ni mfinyanzi. Vyungu vyake vinajulikana mpaka Nzega. Kulwa, tangu mguu uharibike, hakushika tena udongo; kazi yake ilikuwa kukaa mnadani na kuviuza.

Mwenye safari alikuwa Doto. Binti yake, Advera, ni muuguzi Ujerumani, ameolewa na kijana wa Nzega aitwaye Tobias waliyekutana huko huko. Mimba yake ya kwanza ilitoka. Sasa alikuwa na nyingine, na madaktari walimwambia ni pacha, wakamlaza kitandani asinyanyuke. Alimpigia mama yake simu akilia kwamba safari hii hawezi kuwa peke yake. Na kwa akina mama hawa lilikuwapo jambo la zaidi. Pacha, mabasa wanavyowaita kwao, hawapokelewi na mtu yeyote tu. Huimbiwa nyimbo zao, zile zenye matusi ambayo siku nyingine mtu angechapwa kwa kuyatamka, na anayeziongoza awe mwenyewe pacha au mzazi wa pacha. Huko Ujerumani, Kulwa aliniuliza kwa wasiwasi wa kweli, nani anayajua matusi yetu?

Basi tukaanza. Bima ya safari, taarifa ya benki, barua ya mwaliko ya Tobias yenye mihuri yake, nafasi ya ndege ya kwenda na kurudi. Picha peke yake ilitumalizia nusu siku. Doto hakuwahi kupigwa picha peke yake tangu azaliwe. Kila fundi picha alipomwondoa Kulwa pembeni, uso wa Doto ulibadilika ukawa wa mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Mwishowe Kulwa alikaa sakafuni, nje ya picha, ameshika kisigino cha mwenziwe, ndipo Doto akatazama mbele.

Kisha ikaja barua ya kuthibitisha kwamba utarudi kwenu. Hapo damu ilinichemka, kama inavyonichemka kila mara. Mababu wa Doto walibeba meno ya tembo kwa miguu mpaka Bagamoyo, wakauza, wakarudi kulima. Babu wa babu yangu mimi alikuja na misafara hiyo hiyo kutoka pwani, akasema anapumzika kidogo Tabora, na mpaka leo hatujaondoka. Kama kuna ukoo wa kutiliwa shaka kwa kutorudi, ni wangu, si wake. Nilipomwuliza Doto niandike ni kitu gani kitakachomrudisha, aliona swali lenyewe halina akili. Niandike kwamba Kulwa yupo, alisema. Niliandika shamba, tanuri na ng'ombe, na mwisho kabisa nikaandika dada pacha.

Wakaenda Dar es Salaam wote wawili kupeleka maombi na kutoa alama za vidole. Nilijua ugumu umekwisha. Nikaanza hata kujisifu kwa majirani wa pale sokoni.

Walirudi na bahasha ile ile. Mashine haikuona vidole vya Doto. Binti wa pale ofisini, walinieleza, alikuwa mpole, alimpangusa kwa dawa, akambonyeza kidole kimoja kimoja, akampaka mafuta, akajaribu tena, na kwenye kioo hakikuonekana chochote. Wakati wa pasipoti, miaka ile, walibahatika kupata vidole viwili vitatu wakaridhika. Lakini tangu Kulwa aache udongo, Doto alikuwa anafinyanga kazi ya watu wawili. Mchanga, kokoto la kulainishia, joto la tanuri: alama zote zilikuwa zimekwenda na vyungu. Asiye na alama kabisa, ambazo hazitarudi tena, ana utaratibu wake. Za Doto, walisema, zingerudi mikono ikipumzishwa. Wakampangia siku nyingine. Ilikuwa bado kabla ya siku za Advera kujifungua, lakini kwa kubanana, na siku hiyo ikipita hapakuwa na nyingine ya karibu.

Nikashika mikono ya Doto nikaigeuza kwenye mwanga. Ncha za vidole zilikuwa zinang'aa kama mbegu za ukwaju. Nilikuwa bado naitazama pale Kulwa aliposogeza kiti chake, akaiweka mikono yake mwenyewe juu ya meza yangu, viganja juu.

"Naji, mwanangu," alisema, "vidole vya Doto si hivi hapa?"

Sikumwelewa. Akanifafanulia taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Yeye hashiki udongo, vidole vyake vizima. Siku ikifika, atakwenda yeye kwenye mashine na pasipoti ya Doto, atavitoa, mambo yataisha. Na kama safari yenyewe ni ndefu kwa mwenziwe, hata kupanda ndege anaweza akapanda yeye. Advera ana mama, na mama ndiye huyu na huyu.

Nilipiga kelele. Wateja wawili walitoka nje. Niliwaambia huo ni udanganyifu, kwamba watafungiwa mlango wa Ulaya maisha yao yote, na Advera atajifungua huku mama zake wakihojiwa polisi. Hawakukasirika. Walinitazama kwa huruma, wote wawili, shingo kulia.

Udanganyifu gani, waliniuliza. Walipokuwa wadogo, mmoja akiugua walikunywa dawa wote. Mmoja akikosa walichapwa wote. Doto alipoposwa, upande wa mume ulileta jembe la pili na shuka la pili kwa ajili ya Kulwa, na asingeolewa bila hivyo, na Kulwa akaolewa na mdogo wa bwana yule yule ili wabaki ua mmoja. Advera alipozaliwa Doto alikuwa na homa kali, mtoto akanyonya kwa Kulwa aliyekuwa amefiwa na kichanga chake. Kila mtu kwao anajua kwamba pacha ni mtu mmoja aliyekuja na miili miwili. Wazungu wameomba vidole vya mtu huyo, na mtu huyo anavyo.

Nikaona maneno hayatoshi. Nikachukua pedi ya wino wa muhuri, nikakibonyeza kidole gumba cha Kulwa, kisha cha Doto, juu ya karatasi nyeupe. Nilitaka waone kwa macho yao kwamba havifanani. Cha Kulwa kilitoka na mistari yake safi. Cha Doto kilitoka doa jeusi, hakuna kitu ndani.

"Si unaona?" Kulwa alisema. "Cha kwake kimehamia kwangu."

Nikafanya nilichoweza: niliwachukua wote wawili nyumbani kwangu, Isevya, mbali na udongo wa Bukene, nikawaambia kwamba mpaka siku ya Dar Doto hagusi kitu.

Mtu ambaye hajawahi kumzuia mama wa kijijini kufanya kazi hajui maana ya adhabu. Doto aliteseka. Asubuhi nilimkuta ameshika ufagio. Nikimnyang'anya ufagio anaosha vyombo. Akiwa amekaa akizungumza, mikono ilifinyanga hewa mapajani. Siku moja alipotea, na Kulwa, bila kuuliza mtu, alishika fimbo yake akaenda moja kwa moja kwenye nyumba inayojengwa jirani. Doto alikuwa amechuchumaa kando ya mafundi, ameshafinyanga nusu ya chungu kwa udongo wao wa tofali. Nilimsema mpaka mafundi wakamwombea radhi.

Ndipo Kulwa akatwaa kazi yote. Alimvalisha Doto soksi mikononi juu ya mafuta ya nazi. Alimwogesha, alimfunga kilemba, alimlisha ugali tonge kwa tonge. Usiku alilala amezishika zile soksi mbili zisitoroke. Na kadiri siku zilivyokwenda nilianza kuona kwamba Kulwa hanenepi, ingawa anakula. Alikuwa anasinyaa. Nilidhani ni mguu. Nilimwuliza, akasema ni baridi ya mjini, na wakati huo Tabora ilikuwa inaungua kwa jua.

Asubuhi moja Doto aliniita dirishani kwa sauti ndogo. Alikuwa amevua soksi, ameinua kidole gumba kwenye mwanga. Nikainama. Juu ya ile ngozi iliyokuwa laini kulikuwa na mistari, myembamba mno, imeanza kutokea pembeni na kuingia katikati, kama vijia vinavyorudi shambani mvua inapokatika. Miaka na miaka ya mchanga na moto ilikuwa imeifuta, na kumbe chini kabisa, mahali ambapo hakuna mkono unaofika, ilikuwa imetunzwa vile vile ilivyokuwa, ikingoja mwenyewe apumzike. Nilisema subhanallah, na Doto, Mkristo mzuri, naye akasema amina.

Siku hiyo hiyo tulikwenda dukani. Niliweka pedi ya wino mezani, nikakibonyeza cha Kulwa, nikakibonyeza cha Doto, nikaiweka karatasi kwenye mashine ya kopi na kuikuza, na kuikuza tena, mpaka kila kidole kikajaa karatasi kubwa nzima. Nikazibandika ukutani, moja kando ya nyingine.

Cha Kulwa kilikuwa na mistari inayopanda na kushuka, mstari juu ya mstari, kama matuta ya viazi kwenye mteremko. Cha Doto kilikuwa kinazunguka, duara ndani ya duara, mpaka kwenye nukta moja katikati, kama matuta yaliyolimwa kukizunguka kichuguu. Mtu aliyekuja kutoa kopi ya leseni aliingia, akaona tunatazama, akasimama naye akatazama. Ukuta wangu ule umejaa kalenda za zamani na bei za kopi, na siku hiyo niliona haya kupaza sauti mbele yake. Fikiria: tumbo moja, giza moja, muda ule ule, wamebanana hivi. Na bado kuna aliyekaa akamchorea huyu mteremko na huyu duara, tena mahali padogo hivyo, ambapo hakuna atakayetazama mpaka azeeke.

Kulwa alikwenda ukutani. Aliacha fimbo kwenye kiti. Aliweka kiganja chake juu ya karatasi ya Doto, akakisogeza polepole juu ya karatasi yake, akakirudisha. Alifanya hivyo mara nyingi. Nilidhani analia, lakini alipogeuka macho yalikuwa makavu na makubwa.

"Doto," alisema, "mimi nilikuwa nataka kwenda mahali pako kwa sababu niliogopa. Nilijua ukivuka yale maji, mimi nikibaki huku nitakufa. Nilikuwa nimeshaanza."

Doto hakushangaa. Alisema alikuwa anajua, na kwamba usiku, soksi zikiwa mikononi, alikuwa anaomba mistari isirudi. Alitaka kumwona Advera mpaka kifua kinauma, na alikuwa anaomba isirudi.

Yule mtu wa leseni aliinamisha kichwa kama yuko msibani.

"Lakini mimi ni huyu," Kulwa alisema, akagonga ule mteremko kwa ukucha. Alikuwa kama mtu aliyeonyeshwa chumba ndani ya nyumba aliyoishi miaka yote. "Nimechorwa mchoro wangu. Mtu aliyechorwa wake haondoki na mwingine. Nenda, dada. Mimi nitabaki, na nitabaki mzima."

Mimi niliyejaza fomu za watu miaka yote hii, nikilalamika kwamba ni karatasi tu, nilikaa chini kwenye boksi la karatasi nikalia mbele ya mteja.

Dar walikwenda wote, na mashine ikakubali, kumi kwa kumi. Yule binti mpole alipiga makofi, walisema. Pasipoti ilirudi kwangu kwa kifurushi cha basi, na viza ndani yake, ile stika yenye rangi zinazocheza ukiigeuza. Wajukuu walizaliwa baadaye, salama, wa kike wote wawili, Doto akiwapo. Aliimba pale hospitalini yote yanayotakiwa kuimbwa, na wauguzi, ambao hawakuelewa hata tusi moja, walimwomba arudie.

Lakini kabla ya hayo ilikuwapo stesheni. Doto aliondoka Tabora kwa treni kwenda kupanda ndege Dar, peke yake, na Kulwa alisema atamsindikiza mpaka kwenye behewa na si zaidi. Walivaa vitenge tofauti. Sikuuliza ni nani kati yao aliyeamua. Hawakukumbatiana sana. Doto alipanda, akakaa dirishani, na uso wake ukawa ule wa kwenye picha, wa kutafuta kitu. Kulwa alimwambia atazame mbele. Akatazama mbele.

Treni ilipovuta, nilijisogeza nyuma ya Kulwa, mikono tayari kumdaka. Nilikuwa nimeshapanga ni bodaboda ipi itatukimbiza hospitali. Niliona mgongo wake ukikakamaa behewa kwa behewa. Behewa la mwisho lilipopita, reli zikabaki tupu na jua likizipiga, na yeye amesimama. Akavuta pumzi. Akaitoa. Akavuta nyingine, na akaisikiliza, kama mtu anayejaribu mashine mpya. Watu walianza kutoka, wachuuzi wakakusanya sahani zao, na bado tumesimama pale pale.

Kisha akanigeukia, ameweka mkono tumboni, na uso wake umejaa mshangao mtupu.

"Nina njaa," alisema. "Na sijui kama mwenzangu anayo."